Maziwa Yaliyoiva

Ugonjwa wenyewe sikuuogopa. Homa ilikuja jioni na kuondoka asubuhi, viungo viliuma, jasho lililowesha shuka, nami nikasema ni uchovu wa cherehani na umri. Kilichonimaliza ni dawa. Watu wakiniuliza habari za ule mwaka hutegemea niwasimulie nilivyoumwa, nami hujikuta nawasimulia nilivyotibiwa, maana huko ndiko nilikokiona cha moto.

Mimi ni fundi nguo mjini Same. Nina cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa, na ninachoshona zaidi ni sare za shule na nguo za kwaya. Kazi hii imenipa jicho baya. Kabla sijamtazama mtu usoni nimeshatazama kola yake, na doa naliona kabla ya salamu. Wapo wanaosema nina dharau. Sina dharau, ila mdomo wangu hauna subira, na hilo siwezi kulikataa.

Mama yangu anaishi Chome, kule juu karibu na msitu wa Shengena, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba. Watoto tulishatawanyika, kwa hiyo aliyebaki naye ni ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mama alikuwa anamkatia majani mwenyewe, anamkamua mwenyewe, na alizungumza naye Kipare kwa sauti ya upole ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuisikia. Kila wiki alinipelekea maziwa kwa gari linaloshuka asubuhi, na ilikuwa lazima nimpigie simu kumwambia yamefika. Nikichelewa kupiga, alinuna.

Homa ilipokataa kuondoka kwa vidonge vya kununua dukani, nikaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, anauliza polepole kama mtu anayepima kitambaa. Aliniuliza kama nafuga. Nikamwambia mjini nitafuga wapi. Akaniuliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikasema hapana, tena kwa mkazo, kwa sababu maziwa mabichi mimi siyapendi. Hata hivyo akaagiza damu yangu ipimwe, na majibu yakasema ni brusela. Akanieleza kwamba wengine huuita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kuwa ng'ombe akiupata hutupa mimba. Mimi, mjane mwenye wajukuu, nikamwomba tuendelee kuuita brusela.

Dawa zilikuwa mbili, za wiki sita. Kapsuli nyekundu asubuhi kabla sijala kitu, na ya kijani asubuhi na jioni baada ya chakula. Akanionya kwamba ile nyekundu itanibadilisha rangi, kwamba mkojo, jasho na hata machozi yatakuwa ya rangi ya chungwa na nisishtuke. Akasema na ile ya kijani haitaki jua, nijifunike. Nikacheka. Kumkataza mtu wa Same jua ni kumkataza kutoka nje.

Siku za mwanzo nilijiona shujaa. Halafu kichefuchefu kikaanza, na hakikuwa cha kuja na kuondoka, kilihamia. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu tangu naamka. Makande, chakula ambacho mimi nikikipata hata bila mboga sidai kitu, yalinuka kwangu kama maji ya kuoshea sufuria. Siku moja nikameza ya kijani kwa funda moja la maji nikajilaza, kwa kuwa kusimama kulinishinda, na ile kapsuli ikakwama njiani. Ilichoma kifua kwa ndani siku nzima. Hata mate kuyameza nilikuwa najiandaa kwanza.

Niliporudi kwenye cherehani, jua la barazani likanibabua mikono mpaka kwenye viwiko. Nikaanza kutembea na mwavuli. Wenzangu wa barazani wakaniuliza kama redio imetangaza mvua, na mmoja akaniomba nikishapata habari za masika nimwambie, apande mahindi. Siku nyingine ningemjibu vizuri. Siku ile nilikosa hata nguvu ya kumtukana. Shati jeupe la mwanafunzi nililokuwa naliweka vifungo likadondokewa na jasho langu, likaacha alama ya chungwa, nikalifua, nikalirudia, mwishowe nikalishona upya kwa kitambaa changu. Zaidi ya hapo fangasi nao wakaniingia, mahali ambapo mwanamke wa rika langu hapataji mbele za watu. Nikawa nasimama kushona na kukaa kutembea, yaani kila kitu kinyume.

Nilichoka. Sina neno jingine. Si kuchoka kwa kazi, ambako mtu akilala anaamka mzima. Nilikuwa nachoka kumeza, nachoka kutema, nachoka kuulizwa naendeleaje. Mchana joto likishika bati nilijilaza na machozi yakatoka yenyewe, bila kwikwi, huku nimeikazia macho paketi ya dawa mezani na kuwaza kuitupa chooni.

Nilimpigia mama nikidhani namjulia hali, sauti ikanisaliti. Kesho yake alishuka. Nilimwona mlangoni na kitambaa chake cheupe kichwani, kile cha kanisani, kibuyu amekifunga kwa kanga mgongoni kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niione hiyo dawa inayoniulia mtoto."

Akaishika ile paketi, akainusa, akanirudishia. Akaniuliza nanywa na nini. Nikamwambia na maji. Akatikisa kichwa na kukaa kitako kama mtu aliyekwishapata jibu.

"Dawa kali hainywewi na maji, mwanangu. Lazima uikate makali," akasema. "Utainywa na maziwa."

Kwetu maziwa ni ya namna mbili. Kuna mabichi, yaliyotoka kukamuliwa, ambayo mtu huyatia kwenye chai na hakuna anayeyapenda hivihivi. Na kuna yaliyoiva, yaani mgando, ambayo hutiwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa ukuni, yakaachwa mpaka yashikane na kupata ule uchachu wake. Mama alikuwa akikitikisa kibuyu sikioni, na kwa mlio tu aliweza kusema bado, bado, haya sasa yameiva. Kuyachemsha kabla ya kuyagandisha kwake ilikuwa kuyaua. Maziwa yaliyochemshwa, alisema, hayana nguvu ya kukata sumu yoyote.

Basi nikawa nameza kila kapsuli na kikombe cha mgando. Sitasema uongo, nilipata nafuu. Ulipita kooni baridi na mzito, kifua kikaacha kuwaka, kichefuchefu kikapungua. Nikaanza kulala. Mama alibaki kwangu siku kadhaa, na kibuyu kilipoisha aliagiza kingine kwa jirani aliyemwachia ng'ombe. Jioni alikaa kizingitini akijisugua magoti kwa mafuta, akilalamika kwamba baridi ya Chome imemwingia kwenye mifupa na hata huku kwenye joto haitaki kutoka. Usiku alitokwa jasho. Nikamwambia ni joto la Same, hajalizoea.

Siku moja alikuwa anafua shuka zangu uani. Akaniita, akanionyesha foronya.

"Hili doa la nini?"

"Ni dawa, mama," nikasema. "Inatoka na jasho."

Madoa yalikuwa mawili, madogo, yamekaa pale jicho linapoegemea mtu akilala ubavu. Mama si fundi, lakini amelea watoto sita. Akayatazama yale madoa, akanitazama mimi, akapaka sabuni na kuanza kusugua. Hakuniuliza tena. Jioni kikombe changu cha maziwa kilijaa mpaka kikamwagikia kwenye sahani.

Wiki sita zikaisha. Nilitupa paketi tupu kwa furaha ambayo sikuwa nayo hata siku niliponunua cherehani. Mama alikuwa amesharudi kwake, maziwa yakawa yanaendelea kuja kila wiki, nami nikawa nayanywa kwa shukrani. Haukupita mwezi homa ikarudi. Jioni ile ile, viungo vile vile. Nilikaa kitandani nikasema peke yangu maneno ambayo mwanakwaya kama mimi hapaswi kuyajua.

Daktari hakushangaa. Aliniuliza kama nilimaliza dawa, nikamwambia nilimaliza hadi ya mwisho. Akauliza nilizimezaje. Nikamweleza kwa fahari kidogo habari za mama na mgando, kwamba bila huo ningekuwa nimeziacha zamani. Akaweka kalamu chini.

"Maziwa yanakata makali ya dawa," akasema.

Nikamwambia ndivyo mama alivyosema, maneno hayo hayo. Akasema ndiyo, na ndiyo maana hayafai. Ile kapsuli ya kijani ikikutana na maziwa tumboni hainyonywi vizuri, sehemu yake inapita bure. Mama alikuwa sahihi kabisa. Tulikuwa tunaikata makali, na mimi nilikuwa naumia nusu kwa sababu nilikuwa natibiwa nusu. Hata hivyo uso wa yule kijana ulionyesha kwamba kuna jambo jingine.

"Lakini uliniambia hunywi maziwa mabichi."

"Sinywi. Haya yameiva."

"Yameivia wapi? Jikoni au kwenye kibuyu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nakumbuka nilitazama kola ya koti lake jeupe, iliyokuwa imeanza kuchanika kwenye mshono, kwa sababu sikutaka kutazama kwingine. Kwake bichi ni kile ambacho hakijaona moto. Kwetu ni kile ambacho hakijafika wakati wake. Neno ni moja, tumekua nalo sote, na hakuna kati yetu aliyesema uongo.

Aliuliza habari za ng'ombe. Nikakumbuka kwamba kabla ya kuumwa mama alinipigia simu kuniambia ng'ombe ametupa ndama, kwamba yeye mama amemtoa kwa mikono yake mwenyewe, amemzika nyuma ya migomba, na anashukuru kwamba maziwa hayakukauka. Nikamweleza. Akauliza anayemkamua ni nani. Nikasema ni mama, na anayekunywa ni mama, kila siku, kama alivyofanya kwa kila ng'ombe aliyemfuga tangu mimi sijazaliwa. Akauliza kama anaumwa. Nilitaka kusema hapana. Nikakumbuka magoti na ile shuka yenye jasho, na mimi nikisema ni joto la Same.

Alinipa dawa upya, zile zile, akasema safari hii ni kwa maji, glasi nzima, na nisijilaze. Halafu akasema nimlete mama apimwe, na bwana mifugo aende kumpima ng'ombe. Nilitoka pale nikiwa na mzigo wa aina mbili. Wiki sita nyingine za ladha ya sarafu niliziona mbele yangu, hilo moja. La pili ni kwamba lazima nipande Chome nikamwambie mama yangu kwamba maziwa yake ndiyo yaliyoniangusha, na nikinyamaza kwa kumhurumia ataendelea kuyanywa.

Nilichelewa kwenda. Kila siku nilipata sababu, mara sare za shule, mara kichefuchefu. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Kidumu cha wiki ile kilipofika nilikimwaga, kisha nikapiga simu nikamwambia yamefika. Akauliza yameiva? Nikasema yameiva sana, mama. Baada ya simu ile sikuweza kushona, na kesho yake nikapanda.

Njia ya Chome mtu mzima akiipita akiwa na afya anafika amechoka. Mimi niliipita na kapsuli nyekundu tumboni, na dereva alisimama mara kadhaa ili nishuke nitapike kwenye majani ya watu. Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa. Nilimkuta mama bandani, amechuchumaa, anakamua. Ng'ombe aligeuza kichwa akanitazama kama anayeuliza nimefuata nini.

Nilimsubiri amalize. Tukaingia jikoni, akanipa kigoda, akachukua kikombe kunimiminia. Nikamshika mkono. Nikamweleza yote, kuanzia neno la daktari hadi ndama aliyezikwa nyuma ya migomba, haraka haraka, nikitazama moto. Nilipomaliza alikipakata kibuyu magotini.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni ng'ombe, mama."

"Ng'ombe nimemkamua mimi. Kikombe nimekujazia mimi."

Mdomo wangu, ambao una neno kwa kila mtu wa barazani, ulinikauka. Niliona huruma na niliona hasira, na hasira haikuwa na wa kumwangukia, kwa hiyo nikalia, na mama akaniangalia bila kunifuta.

Alikubali kushuka kupimwa. Majibu yakawa yale yale. Tukaanza kunywa dawa pamoja nyumbani kwangu, yeye mwanzoni, mimi katikati. Asubuhi tulikaa kwenye benchi uani, migongo imenyooka, kila mmoja na glasi yake ya maji, tukisubiri muda upite ndipo tuegemee. Majirani walidhani tunasali. Mama alitapika, akababuka mikono, akachukia makande. Siku moja alitoka chooni amekunja uso, akaniambia mambo ya huko ndani ni ya aibu, rangi gani ile kwa mwanamke Mkristo. Tukacheka mpaka kichefuchefu kikatushika wote wawili. Baada ya kucheka alisema kwamba alinidhania mdekaji, kumbe nilikuwa nateseka hivi. Nikamwambia aliniletea kilichonipa nafuu. Akachukua glasi zetu, akaenda kuziosha.

Maziwa hakuyataja kamwe. Hata chai aliinywa ya rangi.

Bwana mifugo alikuwa amempima ng'ombe na kumkuta nao. Alieleza kwa adabu kwamba haponi, na kumuuza kwa mtu afuge ni kumpelekea mwenzako ugonjwa nyumbani. Achinjwe, yeye atasimamia. Tulitaka mambo hayo yafanyike mama akiwa Same. Ndugu zangu kwenye simu walisema hivyo, nami nikaunga mkono. Mama akakataa. Alisema ng'ombe hawezi kutolewa bandani na mtu asiyemjua.

Tukapanda wote wawili, tumechakaa, kila mmoja amemwegemea mwenzake gari likikata kona. Asubuhi ya siku hiyo mama alijifunga kitambaa chake cheupe, akameza kapsuli nyekundu kwa glasi nzima ya maji, akaenda bandani na majani mabichi, yale laini ya juu ambayo huwa anayachagua. Alikaa humo mpaka wanaume walipofika. Akamfungua mwenyewe. Akamwambia neno kwa Kipare, dogo, ambalo hata mtoto huambiwa akitumwa njiani, kisha akampa bwana mifugo kamba na kuingia ndani bila kugeuka.

Nilisubiri hadi hatua zao zikapotea kwenye ukungu, ndipo nikamfuata. Nilimkuta jikoni anaosha kibuyu. Alikisuuza, akakimwaga, akakisuuza tena, ingawa kilikuwa kikavu tangu tuondoke. Niliposogea kumsaidia akageuka, na jicho langu baya likafanya kazi yake kabla sijalizuia. Ncha ya kitambaa chake cheupe, ile inayoning'inia shavuni, ilikuwa imelowa, ina alama za rangi ya chungwa.

Aliniona nikiangalia. Akaikunja ile ncha kwa ndani, taratibu, kama ninavyokunja pindo.

"Ni dawa," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni dawa."